Vipimo Vinamtoroka Mama Futi

Saa mbili asubuhi, kitambaa cha bluu cha mteja kimetandazwa mezani. Mama Futi, fundi cherehani wa miaka hamsini na tisa, ameshika chaki. Hachori.

"Kiuno thelathini na nne," anajisemea. "Au hicho ni cha kaka yake? Ah, jamani!"

Anamgeukia mwandishi wa makala haya, anampima mabega. "Kumi na saba. Hilo shati umeazima?" Futi inarudi shingoni, inakokaa kutwa.

Miaka thelathini hajawahi kuandika kipimo. Akikupima leo, mwaka kesho atakutania: "Umeongezeka inchi mbili. Wifi anakulisha!"

Mwezi wa tatu alishona koti la mwalimu mkuu akalitia mikono miwili ya kushoto. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

"Mimi niliingia stoo nikalia," anasema. "Hata mwanafunzi wa wiki moja hafanyi vile."

Alipofiwa na mumewe, miaka ishirini na miwili iliyopita, usingizi ulimpaa. Alipewa vidonge vya usingizi, vile vya zamani, vya wiki mbili. Hakuna aliyemwambia aache. Kila mwezi alipewa vingine, naye akameza.

Mwaka huu watafiti wa hospitali wanawaita waliotumia dawa hizo muda mrefu. Wanataka kujua kama zinaacha madhara ya kudumu kwenye ubongo. Bado hawana jibu. Mama Futi amepigwa picha ya kichwa, na Jumatatu ataambiwa kilichoonekana.

"Naogopa, sikufichi. Ningejikata kidole ningekiona. Hiki cha kichwani nitakijuaje, na akili ya kukijulia ndiyo hiyo hiyo iliyoumia?"

Kuacha ghafla pia anaogopa. Daktari amemwonya kwamba anaweza kupata degedege, kwa hiyo anapunguza kidogo kidogo. Sasa anameza nusu kidonge, na usiku anakodoa macho darini.

Binti yake, anayeshona vifungo kwenye kona, alimnunulia daftari. Limelala kwenye droo wiki ya tatu hii.

"Mama, si uandike tu?"

"Nikiandika nimekubali."

Saa tano mwandishi anaaga. Mama Futi anavuta futi shingoni.

"Ngoja kwanza nikupime mabega. Hilo shati umeazima?"

Binti anainamisha kichwa. Mwandishi anageuza mgongo, anapimwa tena. Kumi na saba. Hakuna anayecheka. Mama Futi anamtazama binti yake, kisha mwandishi.

"Nilishakupima, eh?"

"Ndiyo, mama."

Anakaa. Halafu anavuta droo, anatoa daftari na kumsukumia binti yake.

"Haya, mwanangu, shika kalamu. Wateja wote walio kichwani mwangu nitakutajia kabla ya Jumatatu. Wakiniambia kichwa kizima, tutalichoma tucheke. Wakiniambia vingine, utashona wewe."

"Nianze na nani?"

"Baba yako. Shingo kumi na tano na nusu. Kifua arobaini. Mkono... andika upesi, mwanangu. Mkono ishirini na nne."