Ini Langu na Sambusa za Mama Hadija

Nayasema haya kwa vile mmeshayasikia nusu nusu pale mjini Kamembe, na waliowasimulia wametia chumvi, basi bora aibu yangu muipate kwa mwenyewe: mimi, mtu mzima, fundi cherehani, baba wa watoto wanne, niliombewa mchana kweupe na akina mama tisa wenye njaa, huku mimi nimeshiba.

Ini langu ni bovu. Homa ya ini ilikaa ndani miaka mingi bila mimi kujua (pombe sijawahi, msinitazame hivyo), ikaacha makovu, na ini likaanza kuwa gumu, ugonjwa ambao madaktari wanauita siroze. Mara moja kwa mwaka anakuja hospitali daktari mmoja na mashine yake, anakaa siku mbili, anakulaza chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa, anakuwekea kichwa cha mashine katikati ya mbavu, kinakugonga tu, tu, tu, kama mtu anayebisha hodi, halafu kioo kinatoa namba ya ugumu wa ini. Namba ikibaki palepale, unamshukuru Mungu. Ikipanda, ugonjwa unatembea. Mke wangu, Maman Furaha, alikuwa hali chakula vizuri wiki nzima kwa kuiogopa hiyo namba.

Sharti la kipimo ni kutokula kitu kabla. Sasa sisi tuliokulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, tukarudi nyumbani na kanisa letu, kwetu mtu hafungi peke yake. Kikundi kizima cha maombi cha mke wangu kikaamua kufunga pamoja nami, hata maji hawanywi, wakiongozwa na Maman Espérance, bibi mwenye miguu mibovu na sauti ya kuamsha mlima.

Asubuhi Maman Furaha akatangulia kushika foleni, mimi nikasema napeleka kwanza suruali ya mteja sokoni. Na pale sokoni Mama Hadija alikuwa anaepua sambusa za kwanza. Nikajiambia, moja tu, kwani ini liko kulia, tumbo liko kushoto, vitakutana wapi? (Ndiyo, hiyo ndiyo akili niliyopewa.) Nikala, nikashushia chai ya maziwa, nikafuta mdomo, nikapanda pikipiki.

Mashine ikanigonga. Daktari akaangalia kioo, akaangalia karatasi ya mwaka jana, akaangalia tena kioo.

"Mzee, namba imepanda. Hukula kitu? Maana ukila, damu nyingi inaenda kwenye ini, namba inapanda bure."

Maman Furaha alikuwa amesimama hapo hapo, midomo imemkauka kwa kiu. Ningesemaje?

"Docteur, hata maji."

Daktari akapumua, akaandika, akasema basi itabidi twende Kigali kwa vipimo vikubwa. Mke wangu akatoka mbio, nami nikamfuata nikifunga vifungo vya shati, nikamkuta uani ameanguka mikononi mwa wenzake wa maombi waliokuja kutusubiri, analia kilio cha msibani kabisa. Mimi nimesimama pale kama nguzo. Kila nikitaka kufungua mdomo, nawaona wale akina mama walivyopauka, naufunga.

Maman Espérance akapiga makofi. "Tusilie! Tutafunga siku tatu ingine, bila maji! Papa Furaha, piga magoti!"

Siku tatu! Yule bibi hata kusimama alikuwa anashikiliwa. Nikapiga magoti, mikono tisa ikanikandamiza kichwa, maombi yakapanda mpaka wagonjwa wakatoka wodini kuangalia, na mimi nikasema moyoni sasa naungama, sasa hivi, nikafungua mdomo, na badala ya maneno ikatoka mbweu. Ndefu.

"Haleluya!" wakapiga kelele. "Bugonjwa bunatoka!"

Maman Espérance, aliyekuwa ameniinamia karibu sana, akafungua jicho moja. Akanusa.

"Bunatoka kweli," akasema polepole, "lakini mbona buko na harufu ya kitunguu?"

Maman Furaha akaacha kulia, akaja, akanisogelea mdomoni.

"Ulikula."

"Sambusa."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Papa Furaha. Ngapi?"

"Tano."

Akanishika mkono wa shati akanirudisha ndani, akapita foleni yote, akasukuma mlango. "Docteur! Futa ile namba! Huyu muntu alikula sambusa tano!" Benchi zima la wagonjwa likacheka, hata yule mwenye mguu wa bandeji. Daktari hakucheka. Akasema nirudi kesho, na nije na mlinzi.

Nilirudi na walinzi tisa, wote wameshiba, wananiangalia mdomo kama askari wa forodha pale mpakani Ruhwa. Mashine ikanigonga tena. Daktari akaweka karatasi mbili pamoja. "Iko palepale. Haijatembea." Nikalia mbele za watu, na safari hii kilio kilikuwa cha haki.

Tulipotoka nikamshika mkono mke wangu nikidhani yameisha. Akasimama.

"Juu ya sambusa nilishakusamehe," akasema. "Lakini nililia mbele yako, nikajiona mjane, na weye ulikuwa unajua ile namba ni ya uongo. Ukaniacha nilie."

Mnapocheka sambusa, chekeni, mimi pia nacheka. Ila tangu siku ile daktari akiniuliza kitu, namwangalia kwanza Maman Furaha usoni, ndipo najibu, na najibu kweli.