Tulivyoanua Matanga ya Dobi

Mjomba wangu alikuwa dobi, na Changamwe nzima hakukuwa na mtu msafi kuliko yeye. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana kama ya mtoto aliyekaa sana majini, na hata akitoka shambani alinukia sabuni ya mche. Alifua nguo za makarani wa reli waliokaa kwenye landi, zile nyumba za safu za reli, na kila Jumamosi alifua vitambaa vya meza ya Bwana vya kanisa letu. Vitambaa hivyo hakuvichanganya na nguo nyingine hata siku moja. Alikuwa na pipa la pekee la kuvichemshia, na mtu akitaka kuchota maji kwa pipa lile alimwambia, "Hilo lina mwenyewe."

Mtu huyo alipokufa, watu walimlilia kwa jina la Bwana Inzi. Nimemshukuru Mungu kwa mengi katika umri wangu, na wengi nimewasamehe, lakini nikikumbuka siku zile mate machungu hunijaa kinywani mpaka leo.

Niseme kwanza jina lile lilikotoka. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha, na serikali ilikuwa ikizungusha gari la sinema bara yote ya Mombasa, leo Likoni, kesho Kisauni, siku nyingine kwetu au Miritini. Afisa mmoja wa Kizungu akaja na mashine ya kupigia picha. Alitaka kutengeneza sinema ya kufundisha usafi, na alihitaji watu wawili: mmoja wa kunawa mikono na kufunika chakula, mwingine wa kuwa mchafu. Wa kwanza alipatikana upesi, watu walikaribia kupigana. Wa pili alikosekana. Ndipo mtu mmoja akamwonyesha mjomba wangu, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mpira. Aliweza kuinua nyusi moja akaiacha nyingine imelala, na tangu ujana wake alituchekesha matangani na arusini bila kufungua kinywa.

Mkazamjomba, yaani mkewe, alimkataza. Nilikuwapo, msichana bado, nikipuliza makaa ya pasi.

"Wewe dobi," alimwambia. "Nani atakupa shati lake akishakuona unakula na inzi?"

Mjomba akaendelea kunyunyizia nguo maji. Kisha akasema, "Mama, yule wetu tulimzika kwa ugonjwa gani?"

Walikuwa wamezika mtoto wao wa pekee kwa kuhara, hata meno hayajamtimia, na baada yake hawakupata mwingine.

"Mtu akinicheka, kisha akaenda akanawa, mwanawe amepona," mjomba alisema. "Basi na wacheke."

Ndivyo alivyokwenda. Afisa yule alimketisha kando ya jaa, akampaka sukari guru iliyoyeyushwa mashavuni ili inzi wamjie, akampa sahani ya ugali na samaki. Wale waliokwenda kutazama walisema inzi walimtembelea mpaka kwenye midomo, naye akawa anatafuna. Mmoja akaanguka kwenye mchuzi. Mjomba akamtoa kwa vidole, akamlamba mchuzi, akamtupa, akaendelea kula. Hilo hakuagizwa na mtu, alilitoa kichwani mwake mwenyewe. Aliporudi nyumbani alijisugua kwa dodoki mpaka shingo ikawaka, akaenda nyuma ya nyumba, akatapika.

Sinema ile haikuwa na sauti yake. Ndani ya gari alikuwamo mtu wa kutoka bara ya mbali, naye ndiye aliyesema kwa bomba la sauti picha zilipokuwa zikipita. Mjomba alipotokea kwenye shuka lililotundikwa kuonyeshea picha, yule bwana alipaza: "Tazama huyu mutu! Yeye hapana nawa mukono!"

Na sisi watu wa pwani tuna ugonjwa wetu. Kiswahili kikivunjwa mbele yetu, hatusikii tena kilichosemwa, tunasikia kilivyovunjika. Uwanja wote ulianguka kwa kicheko. Watu walirudi majumbani wakiwa wameyahifadhi maneno yale kama zaburi, "Hapana nawa mukono! Hapana nawa!" wakiyasema huku wakitia mikono ile ile kwenye masinia. Sikumwona hata mmoja aliyekwenda kwenye mtungi. Mafundisho yalipita juu ya vichwa vyao, kikabaki kibwagizo.

Walimpenda, siwezi kukataa. Alikuwa mtu wetu, uso wetu, mkubwa kama nyumba juu ya shuka. Kina mama wa Likoni walimwekea nazi na maembe. Akivuka kwenda Kisauni watu walimwita toka ng'ambo ya barabara.

"Bwana Inzi! Umenawa leo?"

"Nanawa kesho!" aliwajibu, akiinua ile nyusi moja.

"Karibu chakula, basi!"

"Kina inzi?"

"Hakina!"

"Basi sili!"

Akaenda zake, na watu wakashika mbavu. Nyumbani alivua shati, akalitia majini. Nilimwuliza siku moja kama haimuumi. Alisema, "Mpwa wangu, umemwona mtu yeyote ananawa?" Nikasema sijamwona. Akatikisa kichwa. "Hapo ndipo panaponiuma."

Kanisani kwetu palikuwa na mzee mmoja, mwenye kuvaa koti jeupe la drili kila Jumapili. Koti lile alilifua mjomba, akalitia wanga, akalipiga pasi hata likawa linasimama lenyewe. Jioni moja mzee huyo alipiga hodi, akaamkiwa, akaketi, akanywa chai, kisha akasema amekuja kuchukua vitambaa vya meza ya Bwana.

"Bado havijakauka, Mzee," mjomba alisema.

"Nitavichukua hivyo hivyo. Ndugu yangu, usinielewe vibaya. Si mimi, ni watu. Mtu anakuja kupokea mkate, macho yakianguka kwenye kitambaa, anakumbuka inzi. Wewe waonaje?"

Mimi nilikuwa mwalimu wa watoto wa Jumapili, nimelelewa kuamini kwamba kimtiacho mtu unajisi ni kile kimtokacho moyoni. Nilimtazama mjomba nikitaraji atasema neno lile. Aliingia ndani, akavikunja vile vitambaa vibichi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mzee akashukuru. Alipofika mlangoni akageuka. "Na lile koti langu, litakuwa tayari Ijumaa?"

Jumapili iliyofuata kitambaa cha meza kilikuwa na alama ya pasi, rangi ya chai, ukingoni kabisa. Wote tuliiona. Koti la mzee lilikuwa jeupe pe.

Mjomba hakuacha kutumaini. Alinunua nguo nyeupe ya bafuta, nzuri, pana, akaishona shuka moja kubwa. Akaichemsha, akaianika juu ya majani kwa siku nyingi, akairudia kwa bluu ya kufulia, mpaka ukiitazama juani macho yanatoa machozi. Pembeni alitia msalaba mdogo kwa uzi mwekundu, maana kila dobi ana alama yake. "Wakishasahau sinema," alimwambia mkewe, "tutawapelekea shuka hili kanisani kwa Pasaka, litandikwe meza ya Bwana."

Hawakuwahi kusahau. Mvua za masika zilimletea kichomi, na haikuchukua muda akafa. Nyumbani hapakuwa na nguo ya kumfunika iliyomstahili kuliko shuka lile, basi akalala chini yake usiku kucha tukiimba, hata shuka lilipoondolewa jeneza likafungwa. Makaburini mwanamke mmoja, ambaye sikujua kama alikuwa analia au anacheza, alipiga kelele: "Bwana Inzi, watuachia nani wa kutuchekesha!" Nikasikia watu nyuma yangu wanaziba midomo kwa kanga.

Siku ya pili ya matanga mkazamjomba aliinuka mkekani, akaliosha shuka kwa mikono yake katika lile pipa la vitambaa vya kanisa, akalitundika kambani. Siku ya tatu, ambayo ndiyo siku ya kuanua matanga, mzee wa kanisa akaja adhuhuri.

"Shemeji, pole. Lile shuka lako la kambani, nimekuja kuliomba kwa kazi ya kanisa."

Sijapata kuona uso wa mfiwa ukibadilika vile. Alisimama kama aliyeitwa na malaika. "Kwa kazi ya kanisa? Lenyewe hili?"

"Lenyewe hilo. Ni kubwa, na ni jeupe."

Alilianua mwenyewe, akalikunja, akampa kwa mikono miwili kama mumewe alivyofanya. Kisha akanishika bega. "Umesikia, mwanangu? Wamemsafisha. Sasa akae huko aliko ametulia." Kwa mara ya kwanza tangu msiba alikula, akamaliza chakula.

Alasiri tulisali. Ilikuwa tukae pamoja mpaka giza liingie, mikeka ikusanywe, watu waagane na mfiwa. Lakini jua lilipozama nikaona watu wananyanyuka mmoja mmoja. Wanaume kwanza, kisha na wanawake wakijitanda kanga zao. Masinia ya wali yaliachwa hapo hapo, hayakufunikwa, na inzi wa mwisho wa jioni wakayajia. Nilimsikia kijana mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Twende, twende, tukamzike vizuri." Yule mwenzake akajibu, "Hapana nawa mukono?" wakacheka puani.

Tukabaki mimi na mkazamjomba na mikeka mitupu. Baada ya kitambo sauti ya bomba ikaja kutoka uwanja ulio mbele ya kanisa. Kisha kicheko, kama wimbi la watu.

"Nani anachekwa?" mkazamjomba aliuliza.

Akajitanda kaniki yake ya msiba, akatoka, nami nikamfuata.

Gari la sinema lilikuwa pale. Shuka lao wenyewe lilikuwa limepasuka Kisauni, na mzee wa kanisa, kwa kutaka afisa amwone kuwa mtu wa kutegemewa, alikuwa ameahidi kuwatafutia jingine. Hilo jingine lilikuwa limefungwa kati ya miti miwili, na juu yake mjomba wangu, mkubwa kama nyumba, anatafuna. Inzi wanapanda mashavuni mwake, wanashuka. Watu wanalia kwa kicheko, waliokuwa mikekani saa moja iliyopita wakisema poleni. Mkazamjomba alikwenda kando ya uwanja mpaka kwenye mti, akashika pindo. Mwanga wa sinema ulimwonyesha ule msalaba wa uzi mwekundu.

Alianza kufungua fundo.

"Shemeji!" Mzee wa kanisa alikuja mbio kutoka viti vya mbele, akasimama mbele yake. "Shemeji, nini hiki? Waaibisha kanisa mbele ya wageni!"

Fundo likalegea, upande mmoja wa shuka ukaanguka. Mashine haikuwa na habari, ikaendelea. Picha ikatoka kwenye shuka, ikamwangukia mzee. Juu ya lile koti jeupe la drili, lililofuliwa na mikono iliyokuwa kaburini, inzi wakubwa kama kuku wakatembea kutoka bega mpaka bega, na mdomo unaotafuna ukakaa sawasawa na tumbo lake.

Mkazamjomba alimtazama. Hakupaza sauti.

"Toka kwenye taa, Mzee," alimwambia. "Una inzi."

Wa mbele walisikia, wakawaambia wa nyuma, na uwanja ukalipuka upya. Sasa walikuwa wanamcheka mzee. Wengine wangesema hiyo ilikuwa haki. Mimi nilichukizwa zaidi hapo kuliko mwanzo wote, kwa sababu kilikuwa kicheko kile kile, hakikuchagua mtu. Walimcheka maiti, walimcheka mzee, na kama mjane angejikwaa wangemcheka na yeye. Yule bwana wa ndani ya gari hakujua kilichotokea, akaendelea kwa bomba: "Hapana nawa mukono! Hapana nawa!" nao wakamwitikia.

Nilifungua fundo la upande wa pili. Mkazamjomba alinipa pembe zangu, akashika zake, tukalivuta shuka likanyooka. Tukakutanisha pindo, tukavuta tena, tukakunja, kama madobi wakunjavyo, mbele ya uwanja mzima na picha ikitupita migongoni. Kwetu neno ni moja. Nguo zikikauka huanuliwa, na matanga yakiisha huanuliwa. Alipoliweka shuka begani alisema, "Haya. Tumeanua." Tukarudi nyumbani, tukafunika masinia.

Wiki iliyofuata mzee alituma koti lake. Mkazamjomba alilipokea, akalifua, akalitia wanga, akalirudisha Ijumaa likiwa linasimama lenyewe. Nilimwambia mimi ningelitemea. Alisema kazi ni kazi, na Mungu anaona. Basi ninajaribu, tangu siku hizo, kuwa na subira ya mwanamke yule, na bado haijanifika yote.

Kanisani shuka hakulipeleka, hata padri alipokuja mwenyewe kuliomba, safari hii kwa kweli kwa meza ya Bwana. Alimwambia, "Nimeshalipangia kazi, Padri." Nilipojifungua mwanangu wa kwanza alilichukua, akalikata vipande, akanipa vya winda, nimfungie mtoto. Nilisita kuipokea nguo nyeupe namna ile. "Chukua," alisema. "Na ukishambadilisha mtoto, nawa."