Walisema Wambui Arudi Akipona

Siku yangu ya kwanza katika shule ile ya Thika niliambiwa nikafiche watoto. Sikuonyeshwa darasa wala sikupewa chaki. Naibu wa Mwalimu Mkuu alinisogeza dirishani, akanionyesha kwa kidole kundi la watoto waliosimama karibu na tangi la maji.

"Mwalimu Zainabu, wachukue wale uwapeleke nyuma ya jikoni. Mkaguzi anakuja leo. Akienda zake utawarudisha."

Nikamuuliza, "Kwani wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu. Hao ni wazito."

Wazito. Neno hilo lilibeba kila mtoto aliyechelewa: anayegugumiza, asiyesikia vizuri, aliyerudia darasa la pili mpaka ndevu zikaribie kuota. Na kuwaficha ilikuwa desturi, si ya shule ile peke yake. Mkaguzi wa shule akitarajiwa, wazito walitumwa kuni, au maji, au kupalilia sukuma wiki za shule, ili yule mkubwa wa ofisi akiuliza swali darasani, mikono yote iinuke. Walimu wazuri kabisa, watu wa kanisa na watu wa msikiti, walifanya hivyo bila hata kuliwaza.

Haya, nikawapeleka. Lakini hakuna aliyeniambia nisifundishe huko. Mpishi akanipa benchi, nikaokota kipande cha mkaa, nikaandika silabi ukutani, tukaanza: ba, be, bi, bo, bu. Wallahi tulisoma kwa sauti! Mkaguzi akatoka darasa la nane akaja mwenyewe kuuliza ni darasa gani hilo linalosomea jikoni. Mwalimu Mkuu alikuwa nyuma yake, jasho linamtoka. Baadaye aliniita ofisini akasema, "Mwalimu, wewe utanifukuzisha kazi." Nikamjibu kwamba si mimi niliyewaweka watoto jikoni.

Hapo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na sikuwa mgeni wa kazi wala wa mji. Mimi ni wa Majengo, Thika, ambako baba zetu walitoka kila kabila na nyumbani tulizungumza Kiswahili tu. Nilikuwa nimefundisha kwingine miaka kadhaa, na likizo nilikuwa nikienda Nairobi kusomea elimu maalumu. Wenzangu walinicheka. Walisema naenda kusomea wendawazimu. Niliwaacha wacheke, maana anayecheka hakuzuii kusoma.

Habari ya jikoni ilisambaa mtaani, na ndiyo iliyomleta Mama Wambui. Alikuwa mchumaji wa kahawa kwenye mashamba ya nje ya mji, mama mwembamba mwenye sauti kubwa, na alikuwa amemshika mkono bintiye wa miaka minane ambaye hakuwahi kuketi darasani.

"Mwalimu, ni wewe ule unafundisha watoto jikoni?"

"Ni mimi."

"Basi nimekuletea mwingine. Shule tatu zimenirudisha. Wewe ukinirudisha pia, uniambie sababu niielewe."

Wambui alikuwa na uso wa mviringo, macho yaliyoinuka kidogo pembeni, na vidole vifupi vinene. Watu walikuwa na majina yao ya kuwaita watoto wa aina hii na sitayachafulia karatasi. Jina la kitabibu ni sindromu ya Down. Mtoto huzaliwa na kromosomu moja ya ziada, na kromosomu ni vile vijiuzi vidogo ndani ya seli za mwili vinavyobeba maumbile yetu. Basi, ni hivyo tu. Haiambukizi, si laana, na mama hakula kitu kibaya akiwa mjamzito. Misuli ya mtoto huyu huwa milegevu, kwa hiyo kushika kalamu ni kazi na kutamka ni kazi. Masikio nayo mara nyingi husumbua. Lakini anachokiona hukishika vizuri kuliko anachokisikia, na mwalimu asiyejua hilo atapiga kelele mwaka mzima halafu aseme mtoto hafundishiki.

Mwalimu Mkuu alikubali shingo upande. "Muweke kule nyuma," aliniambia, "asisumbue wengine." Nikamweka mbele kabisa, dawati moja na Mwende, binti wa wakulima wa Kikamba waliohamia upande wa mashariki wa Thika. Mwende alikuwa mtoto mtulivu aliyependa kupanga vitu. Siku ya kwanza alimpangia Wambui penseli zake, na urafiki ukaanzia hapo.

Sasa nyinyi walimu vijana nisikilizeni, maana hapa ndipo palipo na kazi yenyewe. Mtoto kama Wambui ukimwambia aandike jina lake, herufi sita, atashindwa kwenye ya kwanza, atalia, na kesho hataki kushika penseli. Kwa hiyo tunaanzia mwisho. Unamwandikia WAMBU, yeye anatia I tu. Mstari mmoja wa kusimama, amemaliza, jina lake limekamilika, na aliyelikamilisha ni yeye! Akizoea, unamwandikia WAMB naye anatia mbili. Unaendelea kurudi nyuma hivyo hivyo, pole pole, na kila siku mtoto anakuwa ndiye anayemaliza kazi. Tulifunga vifungo vya sweta kwa njia hiyo, na kamba za viatu, na kujumlisha.

Herufi iliyotushinda ilikuwa W. Ina mistari minne, yote ya mshazari, na mshazari ndio mgumu kuliko yote kwa mkono mlegevu. Tulifika kwenye A tukakwama hapo muhula mzima. Ikawa mimi au Mwende anatia W, Wambui anaandika mengine yote, kisha anapangusa mikono na kusema "Tayari!" kwa sauti ya kusikika mpaka darasa la tatu.

Mkaguzi akarudi tukiwa bado pale pale. Asubuhi hiyo Naibu alipita akikusanya wazito kama kawaida, akafika mlangoni kwangu na kumwita Wambui.

Nikamwambia, "Huyu haendi."

"Mwalimu, usianze."

"Sijaanza. Wewe ndiye uliyekuja mlangoni kwangu. Wambui ana dawati, na yuko kwenye dawati lake."

Akaenda kunishtaki. Kabla Mwalimu Mkuu hajafika, mkaguzi alikuwa ameshaingia. Alikuwa mtu mrefu, suti ya kijivu, anayezungumza kana kwamba kila neno lake linapigwa chapa. Akazunguka, akaona daftari, akauliza hesabu, watoto wakajibu. Kisha akasimama mbele ya Wambui na kumpa chaki.

"Andika jina lako."

Wambui akaenda ubaoni, akainua chaki, akasimama. Alisubiri. Akageuka akanitazama, akautazama ubao tena. Nilijua anasubiri nini. Hakuna siku hata moja aliyowahi kuanza yeye.

"Mwalimu," mkaguzi akasema, "mtoto mkubwa hivi, hata jina lake hajui?"

Mwende aliinuka, hakuambiwa na mtu, akaenda ubaoni, akaandika W moja safi, akarudi kuketi. Na Wambui akaandika: A, M, B, U, I. Akapangusa mikono. "Tayari!"

Watoto wakapiga makofi. Mkaguzi hakupiga.

"Nani amemruhusu yule msichana mwingine asimame?"

"Hakuna," nikasema. "Wala hakuna aliyemkataza."

"Huku ni kudanganya."

"Mzee, umemwona kwa macho yako akiandika herufi tano kati ya sita. Mtihani wa shule hii ukipata tano kwa sita unapigiwa makofi asubuhi mbele ya bendera."

"Wana shule zao, Mwalimu. Huyu anawachelewesha wenzake."

"Yupi amechelewa? Umeuliza hesabu, wote wamejibu. Na shule yake ni hii, imo mtaani kwao. Hiyo ya kwao unayosema iko mbali, ya kulala huko huko, na mama yake anamtaka nyumbani jioni kama wewe unavyowataka wako."

Mwalimu Mkuu alikuwa amefika mlangoni. Alinikonyeza, akakohoa, akanikanyaga mguu alipopita. Sikunyamaza. Mpaka leo dada zangu hunilaumu kwamba nina mdomo, na ni kweli ninao, lakini siku ile kuufunga kungeniuma zaidi kuliko kuufungua.

Barua ya uhamisho ilikuja muhula ulipofungwa. Nilipelekwa Ruiru, shule moja upande wa Gitothua. Mwalimu Mkuu alinipa mkono, akasema alijaribu kunitetea. Nikamwambia hakujaribu. Nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba Wambui abaki na dawati lake na Mwende wake. "Hilo usitie shaka, Bi Zainabu," akasema. "Yule ni mtoto wetu."

Shule zilipofunguliwa, sikumaliza hata wiki huko Gitothua. Nilitoka darasani nikaona Mama Wambui langoni, ameshika mkono wa bintiye, naye Wambui amevaa sweta ya kijani ya Thika na watoto wa sweta za buluu wamemzunguka.

"Imekuwaje?"

"Wamesema arudi akipona."

"Akipona nini?"

"Ngai! Mwalimu, si hata mimi nimewauliza hivyo! Mwalimu Mkuu mwenyewe amenifungulia lango, ati nimpeleke nyumbani, arudi akipona. Apone nini? Huyu si mgonjwa. Hata homa hana."

Sikulia mbele yake. Nililia baadaye, chooni, kwa hasira, mpaka mwalimu wa zamu akabisha mlango kuuliza kama ninaumwa na tumbo. Mama Wambui alikuwa ameshaacha kazi ya kahawa na kupata chumba cha kupanga Mwiki, huko huko Ruiru, kwa binamu yake. Alisema amehama kunifuata, na nisipompokea hana pengine pa kwenda. Nilijua ni kweli. Kukosa kiti pale kulimaanisha mtoto huyo angeketi mlangoni kwao maisha yake yote.

Mwalimu Mkuu wa Gitothua alikuwa mwanamke, sote tulimwita Madamu, mzee wa kanisa, mkali, anayejua kila mtoto kwa jina la nyanya yake. Alimtazama Wambui, akanitazama mimi.

"Zainabu, nimesikia habari zako. Huyu atanishushia wastani wa mtihani."

"Madamu, wastani wako uko chini tayari, na Wambui hakuwa hapa."

"Haiya!" Akacheka mpaka akavua miwani. "Una bahati sina mwalimu mwingine wa darasa la pili. Aingie. Lakini wazazi wakija juu, utawajibu wewe."

Wakaja juu. Kwenye mkutano wa wazazi baba mmoja alisimama akasema hataki mtoto wake aambukizwe. Nikamwambia dawati la Wambui lina mtoto mwingine mmoja, naye ni Salim, mwanangu wa kumzaa. "Akiambukizwa chochote, baba, nitakuja kwako nyumbani nikuambie." Watu wakacheka, mkutano ukaendelea na mambo ya choo kipya. Salim alikaa naye mpaka darasa la tano na alichoambukizwa ni tabia ya kupiga kelele "Tayari!" akimaliza kula.

W tuliipata mwaka huo. Ilikuwa imelala ubavu, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, lakini aliianza yeye mwenyewe. Madamu aliitwa aje kuitazama. Akaamuru isifutwe mpaka Ijumaa, na sisi wa darasa la pili tukabanana kwenye nusu ya ubao iliyobaki.

Sitawadanganya kwamba Wambui alikuja kuwa daktari. Alisoma nasi mpaka darasa la saba. Anasoma, anaandika, anauza nguo za watoto na mama yake Mwiki, na ukimpunja anakuambia. Baada yake walikuja wengine, na Madamu hakuniuliza tena habari ya wastani. Siku za wakaguzi pale Gitothua hakuna aliyetumwa kuni.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe, kuku, soda, na viti vya kukodi. Kati ya wageni waalikwa wakamwita yule Mwalimu Mkuu wangu wa Thika, mzee sasa, ametulia kwenye kiti cha mbele na fimbo yake. Alipewa kipaza sauti. Siku hizi kuwapokea watoto hawa kunaitwa elimu jumuishi, na kila mtu anataka kuonekana alikuwepo. Akasema yeye na mimi tulianza pamoja, kwamba wakati nchi nzima imelala, shule yake ilifungua lango. "Na mtoto wetu wa kwanza," akasema, "yuko hapa leo. Wambui, simama watu wakuone."

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumjibu. Wallahi, nilikuwa nimeshaweka soda chini.

Wambui alisimama kabla yangu, mwanamke mzima, kitambaa kipya kichwani. Hakungoja mtu amwanzishie.

"Uongo," akasema. "Lango ulinifungulia nitoke."

Mzee akashusha kipaza sauti. Mama Wambui akaanza kupiga vigelegele, nami nikasimama nikamfuata.