Siku Bibi Alipobaki Kwenye Benchi

Jumapili iliyopita, kanisani Same, nilikuwa kwenye mstari wa kwenda Meza ya Bwana nilipomwona mama mmoja amebaki kwenye benchi, peke yake. Nikamkumbuka bibi yangu wa Gonja.

Bibi hakukosa mkate na divai hata Jumapili moja. Lakini siku moja, nikiwa mtoto, alibaki amekaa, ameinamia kitabu cha nyimbo. Nilidhani ameshiba makande ya asubuhi.

Mchana alinishika mkono, gauni lake la kanisani bado linanukia naftalini, tukafuata mfereji utokao kwenye ndiva, bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba, hadi kwa jirani yetu, Mama Nakijwa. Tulimkuta anamenya ndizi. Aliitikia shikamoo yangu tu.

“Mama Nakijwa, yale maji ya ndiva yalikuwa zamu yako,” bibi alisema. “Niliyafungulia kwenye tangawizi yangu wewe ukiwa msibani. Nisamehe.”

Kisu kilisimama. Nilisikia maji yakipita mferejini.

“Nimekusubiri wiki nzima,” Mama Nakijwa alisema. “Kaa, chai ipo.”

Nikaamini tulifuata chai. Jumapili iliyofuata walipiga magoti bega kwa bega, na bibi alipokea mkate huku akilia. Sasa najua kwamba siku ile kwenye benchi hakuwa ameshiba hata kidogo. Alikuwa na njaa kutuzidi sote.

Mstari ulisogea. Nikamfikiria dada yangu, ambaye hatujasemezana naye tangu tulipogawana shamba la bibi. Nikatoka mstarini, nikarudi kukaa kando ya yule mama.