Waliokanyaga Napia ya Mama

Hadi leo nikiwaona baba zangu wadogo, damu yangu inachemka.

Mama alikuwa na mashine ya moyo, ile ndogo unayowekewa chini ya ngozi kifuani moyo ukipiga polepole. Kwetu Kapseret mashine hiyo ililaumiwa kwa kila kitu. Mama akiishiwa na pumzi, ni mashine. Akiinama kukamua ng'ombe aone giza, mashine tena! Tukawa tunazima simu zote nyumbani kama wajinga, eti zinaisumbua. Na kliniki nao walipima mashine tu. "Inafanya kazi vizuri, Mama, nenda nyumbani." Kwa nini anaona giza akiinama? Hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Nilipiga kelele mpaka wakampiga picha ya moyo. Ndani kulikuwa na uvimbe unaoning'inia, na akiinama unaziba njia ya damu. Daktari alinieleza vizuri: si saratani, ukitolewa atapona, ukiachwa utamuua.

Nikarudi nyumbani na furaha. Furaha gani? Baba wadogo walisikia neno uvimbe tu, hayo mengine yakapita.

"Mtu ana waya kwa moyo, sasa na uvimbe. Mnampasua nini tena? Mwacheni apumzike."

Apumzike! Na wakati huo mama alikuwa jikoni akiwapikia chai, anahema.

Walikunywa hiyo chai, wakamaliza na mkate. Walipotoka nikadhani wameenda zao. Kumbe! Nilichungulia dirishani nikawaona nyuma ya nyumba, ndani ya napia, yale majani ya ng'ombe aliyopanda mama kando ya kaburi la baba, wakipima kwa hatua mahali pa kumzika mama. Mmoja alikuwa ameshachomeka kijiti. Mtu akiwa hai, jamani!

Mama akaja nyuma yangu, ameshika ukuta. Nikataka kumvuta asione.

"Hebu niachie," akasema, akiwatazama. "Enda uwaambie watoke kwa napia yangu. Wakiikanyaga hivyo, nikirudi kutoka hospitali ng'ombe watakula nini?"

Nilienda nikawaambia, pamoja na mengine mengi ambayo hakunituma. Kile kijiti niliking'oa mimi mwenyewe.

Alipasuliwa, akapona. Siku hizi anainama kukamua bila kushika popote, na hao wazee wakija bado anawapikia chai. Mimi siwasalimii.