Comment ya Kawira ndani ya database ya maziwa

Jumanne tarehe 9. Asubuhi ukungu, halafu manyunyu hadi saa nne.

Wakuu, habari za huko. Shule yangu iliishia form two na computer nilifunzwa kazini, kwa hivyo nikikosea mnirekebishe. Lakini haya niliyaona mwenyewe.

Nafanya kazi kwa dairy moja karibu na Kianjai. Kawira wa ofisi ndiye aliandika procedure, ile amri ndani ya database inayokubali au kukataa maziwa kulingana na lactometer, kile kipimo cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji.

Wiki tatu maziwa ya wafugaji wa Muthara yakawa yanakataliwa, na yalikuwa mazuri tu. Manager akasema Kawira ameharibu makusudi. Jumatatu akamfungia password. Leo barua ya kumfuta kazi ikachapwa.

Niseme ukweli: manager aliponiuliza nani anajua kuguza hiyo system, nilitaja Kawira. Haikuwa uongo. Lakini nilimtaja haraka.

Script zake, yaani faili alizoandikia hizo amri, zilikuwa kwa laptop iliyokufa. Nikadhani ushahidi umekufa nayo.

Kumbe database yetu hujiwekea maandishi ya procedure vile uliyaandika, hadi comment, yale maelezo unayojiandikia kando ya amri. View, ile amri ya kutoa orodha uliyoihifadhi, hapana. Niliangalia ile ya ripoti, nikapata imeandikwa upya kwa njia ya database yenyewe, comment zote zimeenda.

Nikafungua procedure mbele ya manager na Kawira. Ndani:

"Kipimo cha chini: Muthara 29, wengine 28. Manager ameagiza baada ya kuona maji kwa mtungi mmoja. Hadi atakaposema turudishe."

"Hiyo ameiandika juzi tu, kabla nimfungie," manager akasema.

Nikamwonyesha tarehe ya mwisho kubadilishwa. Wiki tatu zilizopita.

"Mimi nilisema hivi?"

"Ulisema ukiwa hapo kwa mlango, sir, ukikula ndizi," Kawira akajibu. "Nikakuuliza mara mbili."

Manager akafikiria. "Ndizi nakumbuka."

Akairarua barua. Kwa haki yake, aliwapigia watu wa Muthara mwenyewe, akasema kosa ni lake.

Baadaye nikamwambia Kawira ni mimi nilimtaja.

"Nilijua," akasema. "Umeniletea chai siku mbili, na wewe huletangi mtu chai."

Nilichojifunza: sababu iandike ndani ya procedure yenyewe. Na ukiulizwa ni nani, ngoja kidogo.

Wenye mnatumia database zingine, zenu huweka nini na hutupa nini? Semeni, hata kama ni kunikosoa.

Jioni tulikula githeri ya jana, tukaongeza viazi.