Maneno Manne ya Mchungaji Kifungu

Mchungaji alipenda kanuni jinsi wanaume wengine wanavyopenda mpira. Kitabu cha kanuni za kanisa la Methodisti alikijua kifungu kwa kifungu, na vikao vilipokwama watu walimgeukia yeye kabla ya kukifungua. Wenzake wakampachika jina la Kifungu. Alijifanya halisikii, lakini alilipenda.

Kanisa hilo halimwachi mchungaji mahali pamoja mpaka aote mizizi. Kila mwaka Mkutano Mkuu hukaa, askofu husoma nani anakwenda wapi, na aliyesomwa hufunga virago. Kifungu alihamishwa hivyo tangu ujana wake. Yeye kila alikokwenda alikuta mimbari na watu wa kumwita mchungaji. Mke wake alikuta kitasa kibovu na jiko la mtu mwingine, akaanza upya kujua nani mgonjwa, nani mmbeya, na maji hukatika siku gani. Makochi yao yalipandishwa na kushushwa kwenye malori mpaka moja likavunjika mguu, likawekewa tofali.

Kituo cha mwisho ndicho walichokaa muda mrefu. Hapo mke wake akapewa darasa, maana Wamethodisti huwagawa waumini katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake. Lake lilikuwa la wanawake wa makamo, nao walikutana sebuleni kwake kila Jumatano. Kusali walisali, lakini pia walicheka mpaka mchungaji akabeba karatasi zake za mahubiri na kuhamia chumbani. Walipojenga kijumba cha kustaafia, mama ndiye aliyechagua kiwanja, mtaa wa pili kutoka kanisani. "Nimechoka kuwa mgeni," alimwambia fundi, na mchungaji alikuwa amesimama pale pale.

Sasa, Kifungu alipofika kituoni hapo mara ya kwanza, alimkuta mchungaji mstaafu bado anakalia benchi la mbele. Mahubiri yakisema jambo lisilomridhisha, mzee alikohoa. Watu walipeleka harusi zao kwake. Na mke wa mzee ndiye aliyekuwa moto zaidi: alishika funguo za jiko la kanisa, na hakuna sufuria iliyoteremshwa bila ruhusa yake. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na hapo walikuwa wanne.

Kwa hiyo ilipoletwa hoja Mkutanoni kwamba mchungaji mstaafu asisali katika kanisa alilolitumikia mwisho, kwa miaka mitatu, ili ampishe mrithi wake, Kifungu alisimama kuiunga mkono. Alizungumza kwa utulivu, ndiyo maana alisikilizwa. Kisha, kwa kuwa hapendi kazi nusu nusu, akaomba marekebisho madogo: baada ya "mchungaji mstaafu" yaongezwe maneno "pamoja na mwenzi wake". Alikuwa anazifikiria zile sufuria. Mikono ikanyooshwa, hoja ikapita.

Wakati wa chai mwenzake mmoja akamsogelea. "Kifungu, si unastaafu mwaka huu?"

"Nastaafu. Na nitaitii."

"Wewe sawa. Na mama je?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu alikuwa amemtanguliza mkewe. Utauliza mtu anasahauje kwamba ana mke. Hakusahau. Alimhesabu kama alivyomhesabu miaka yote, pamoja na makochi.

Aliporudi nyumbani alimkuta anakunja mashuka.

"Mkutano umepitisha nini?" mama akauliza.

Akamweleza. Mama akamaliza shuka alilokuwa amelishika, akaliweka juu ya jingine.

"Na hayo maneno ya mwenzi, nani kayaleta?"

Angeweza kusema ni kamati. Kamati hubeba lawama nyingi katika kanisa hilo na hazijawahi kulalamika. Lakini mchungaji hakuwa mwongo.

"Mimi."

"Miaka yote nilikuwa nasema kanisa linanihamisha," mama alisema. "Nikalinung'unikia kanisa, wewe nikakuonea huruma. Haya, Mchungaji. Safari hii ni wewe."

Siku za kawaida alimwita baba. Aliposikia "Mchungaji" alitamani bora agombezwe. Aliona haya, haya ya kweli, na hakuna kifungu alichokijua cha kumtoa hapo.

Mchungaji aliyemrithi Kifungu alikuwa mwanamke kijana, mpole, ambaye hakupenda ugomvi. Alikuja kuwasalimu, akasema taratibu, "Mama njoo tu Jumapili. Mimi sitaona."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Kifungu aliombea kanuni ivunjwe.

"Hapana, mwanangu," mama akajibu. "Nikiingia kwa kufumbiwa macho, nitakuwa mgeni hata pale."

Darasa, kwa kuwa nalo ni la kanisa lile, akamkabidhi jirani. Jumatano vicheko vilisikika kutoka ng'ambo ya ukuta, mama akawasha redio.

Jumapili wakawa wanapanda basi kwenda kanisa jingine. Wageni wakaambiwa wasimame, wakasimama. Mchungaji alikaa nyuma na kuhesabu makosa katika liturujia, tabia haina dawa. Mama naye, bila kuagizwa na mtu, akaanza kuuliza nani hayupo na kwa nini. Akatembelea wagonjwa. Kabla mwaka haujaisha, kanisa lile likamchagua awe mjumbe wake Mkutano Mkuu.

Jioni moja alimkuta mumewe jikoni, akavuta kiti.

"Baba, maneno yakiingia kwa kura, hutolewaje?"

Mchungaji aliweka kikombe chini. Akamweleza: unaleta hoja, unataja kifungu, unahitaji mtu wa kukuunga mkono, halafu kura. Akamweleza na mtego mmoja ambao wajumbe wengi hunasa, kwamba ukitoa hotuba kabla ya kutaja hoja utakatizwa. Ndiyo mazungumzo yao marefu ya kwanza tangu yale mashuka. Hakumwuliza ni maneno gani. Hakuwa na haja.

"Nami siwezi kukusaidia kule," akasema mwishoni. "Mstaafu ni mgeni tu. Hana sauti wala kura."

"Najua," mama akasema. "Ndiyo maana nimeenda kuwa mjumbe."

Siku ya Mkutano mchungaji alikaa viti vya wageni, nyuma kabisa, karibu na mlango. Mama alisimama na kutaja hoja kwanza.

"Naomba yaondolewe maneno manne, 'pamoja na mwenzi wake'." Ndipo akatoa sababu. "Mchungaji akistaafu anaacha kazi, na ni haki ampishe mwenzake. Mimi kazi hiyo sikuwahi kuajiriwa. Nilichoambiwa niache ni watu wangu. Baba Askofu, nimeacha watu katika kila kituo mlichotupeleka. Hawa wa mwisho naomba mniachie."

Ukumbi mzima ulijua maneno yale yaliletwa na nani. Vichwa viligeuka nyuma, kimoja baada ya kingine. Kifungu hakuangalia chini, ingawa alitaka sana.

Askofu akauliza nani anaunga mkono. Akasimama yule mchungaji kijana asiyependa ugomvi. Kura ikaitishwa, mikono ikainuka safu baada ya safu, na ilionekana tangu mwanzo kwamba hoja itapita.

Katibu alipita akihesabu mpaka mwisho wa ukumbi. Akasimama, akainama kwa heshima.

"Mzee, shusha mkono. Wastaafu hawapigi kura. Si wewe mwenyewe uliyetufundisha?"

"Najua," alisema mchungaji. "Usiuhesabu. Lakini sishushi."